Mabunda ya Chini ya Meza

Mtu akiniambia mimi ni mkali, namjibu kwamba yeye ndiye mpole kupita kiasi, na tunaachana hapo. Nimeshona kola za mashati ya shule kwa miaka saba, na kola haitaki mtu mpole. Ukiilegezea mkono inakupindia, halafu mtoto wa watu anakwenda shule ncha moja inatazama juu na nyingine inatazama chini, na lawama zinarudi kwako. Nayasema haya mapema ili nikianza kufoka huko mbele asiwepo wa kushangaa.

Karakana yetu ilikuwa chumba kimoja kirefu juu ya duka la rangi na misumari. Tulikuwa watu kumi na wawili, na kila mmoja tulimwita kwa kipande chake cha shati. Palikuwa na Mkono, bwana mmoja mrefu mwenye mizaha, na Mama Mfuko, aliyeweza kushona mfuko huku akikusimulia habari za mtaa mzima bila kukosea mstari. Palikuwa na Mkasi, mkata vitambaa, ambaye kwa sababu alifanya kazi akiwa amesimama alijiona yuko juu yetu sisi tuliokaa. Mimi nilikuwa Kola Mkubwa. Kola Mdogo alikuwa wifi yangu, mke wa kaka yangu, niliyemwombea kazi mwenyewe kwa mdomo huu huu. Mwenye karakana tulimwita Bwana Futi, maana futi ya kupimia haikumtoka shingoni hata akienda msibani.

Tulilipwa kwa kipande. Ukimaliza kola kumi, unazifunga bunda kwa uzi wa rangi yako na kulitupa kapuni. Jioni Bwana Futi anapita, anahesabu rangi, anaandika kwenye daftari. Uzi wangu ulikuwa mwekundu, wa wifi ulikuwa wa njano. Kola iliyoishia nusu haikuwa na rangi ya mtu yeyote, na isiyo na rangi haikulipwa. Umeme ukikatika ulikaa ukitazama dari, na kwa kutazama dari hulipwi.

Sasa nieleze kosa letu, maana ni kosa ambalo watu wengine wasingeweza kulifanya hata wangelipwa.

Pale karakanani tulikuwa na desturi tuliyoiita kusukuma. Mwenzako akiumwa, au akifiwa, au macho yake yakiwa hayaoni vizuri siku hiyo, unafunga bunda lako kwa uzi wa rangi yake na kulisukuma kwa mguu chini ya meza hadi kwake. Yeye analiokota na kulitupa kapuni kama la kwake. Hakuna aliyeandika, hakuna aliyedai. Bwana Futi hakujua, na kwa kuwa jumla haikubadilika, hakuwa na sababu ya kujua. Alichokiona yeye ni watu kumi na wawili wanaokula kila mwezi, akadhani ni baraka za uongozi wake.

Wifi yangu alipojifungua alirudi kazini baada ya wiki sita, bado mgongo unamuuma. Alikuwa anashona kola arobaini kwa siku, na kwa arobaini huwezi kulipa nauli ukabaki na cha kumnunulia mtoto sabuni. Mimi nashona themanini. Basi kila siku nilimsukumia mabunda matatu. Yeye akawa na sabini kwenye daftari, mimi hamsini. Haikuniuma. Tuliishi nyumba moja, mimi na mama yangu chumba cha mbele, yeye na kaka yangu na mtoto chumba cha nyuma, na chungu kilikuwa kimoja. Kaka yangu alikuwa kibarua wa ujenzi, leo anaitwa, kesho haitwi. Nilisema moyoni, iwe nyekundu au njano, ugali ni ule ule. Miezi ikapita, kumi, kumi na moja, nami nikaendelea kusukuma bila hata kufikiri, kama mtu anayefunga mlango akitoka.

Siku redio ya dukani kule chini ilipotangaza, ilikuwa mchana na madirisha yote yako wazi. Serikali imepanga kima cha chini cha mshahara kwa viwanda na karakana, kila mfanyakazi, kwa mwezi, kuanzia mwezi ujao. Mkono aliruka kutoka kwenye kiti chake akaanza kucheza katikati ya vyerehani. Mama Mfuko alipiga vigelegele hadi mwenye duka akapanda ngazi kuuliza nani kaposwa.

Mkasi peke yake hakucheka. Aliendelea kukata.

"Chezeni," alisema. "Mnacheza ngoma ya kujizika."

"Wewe Mkasi una nini lakini?" nilimuuliza. "Hata mvua ikinyesha unailaumu kwa kulowesha."

"Nina akili, ndicho nilicho nacho. Leo ukishona themanini unakula themanini. Mwezi ujao mshona themanini na mshona thelathini wanakula sahani moja. Nani atajisumbua? Halafu sikilizeni. Tajiri akiambiwa kila kichwa kina bei yake, ataanza kuhesabu vichwa."

"Bora nihesabiwe kichwa kuliko nihesabiwe vidole. Umeme ukikatika mchana kutwa, wewe unakula nini? Unakula kitambaa?"

"Nakula nilichoweka jana."

"Hongera, mwenye kuweka. Sisi jana yetu tuliila juzi."

Watu walicheka, nami nikajiona nimeshinda. Nakiri hapa kwamba nilishinda kwa mdomo tu, maana Mkasi katika lile la vichwa alikuwa amesema kweli.

Baada ya siku nne Bwana Futi alituita tukasimama mbele ya meza yake. Hakuwa mtu mbaya, na nisingependa mtu amchukie kwa maneno yangu. Alikuwa mtu wa daftari. Alichoandikiwa alikiamini na alichokiona hakukitazama.

"Mimi sina ugomvi na serikali," alisema. "Sheria imeniambia nimlipe kila mtu kiasi gani. Haikuniambia niwe na watu wangapi. Mshahara huo nikiulipa kwa watu kumi na wawili, nitafunga mlango kabla ya mwaka kwisha. Nimeweka mstari. Aliye juu ya mstari ataupata mshahara wa sheria, tena kwa moyo mweupe. Aliye chini, simwezi. Na msiseme nimependelea. Daftari halina shangazi."

Akafungua, akasoma majina ya walio chini. Wa kwanza alikuwa Mkono, ambaye tangu mwenzake wa kushona mikono apasuliwe jicho alikuwa anamsukumia nusu ya mikono yake. Wa pili Mama Mfuko, ambaye alikuwa anasukumia watu wawili kwa zamu.

"Kola Mkubwa," alisema, na akanitazama kwa masikitiko, naapa. "Hamsini kwa siku. Ulipoanza hapa ulikuwa moto wa kuotea mbali. Sijui umepatwa na nini. Kola Mdogo, sabini. Hongera, mama, umejitahidi, tena na mtoto mdogo."

Kwanza nilicheka. Kisha nikamwona wifi ameanza kuinuka ili aseme, na kicheko kikaniishia. Nilimkazia macho, yale ambayo mama yangu alikuwa akinikazia mimi nikitaka kuomba chakula kwa jirani. Akakaa.

Nilipiga hesabu palepale. Nikifungua mdomo, mimi napanda hadi themanini na yeye anashuka hadi arobaini, na mstari ulikuwa sitini. Kwa maneno mengine, sheria niliyoitetea imekuja, na ndani ya nyumba yetu kuna nafasi moja tu ya kuipata. Nikisema, ni yangu. Nikinyamaza, ni yake, na yeye ana mtoto anayenyonya. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu hasira yangu ilikosa pa kutokea. Nilichukua mkoba, nikashuka ngazi, nikapita mbele ya duka la misumari bila kumsalimia mtu.

Mama yangu aliponiona nyumbani saa nne asubuhi aliuliza kuna nini.

"Nimefukuzwa, mama. Kwa uvivu."

"Wewe? Kwa uvivu?" Aliweka kisu chini. "Basi na mimi nimechaguliwa mrembo wa mwaka, umpokee baba yako huko nje amekuja kunitazama." Baba yangu alikuwa amefariki miaka tisa nyuma.

Jioni wifi alirudi na macho yamevimba. Alisema kesho anakwenda kumweleza Bwana Futi kila kitu.

"Ukimweleza, wewe unatoka," nikamwambia. "Na mimi atanionea haya, hatanirudisha. Tutakuwa wawili hapa tunasuguana mabega. Nyamaza ule."

"Siwezi kula mshahara wako, wifi."

"Sio wangu. Ni wa sheria. Kaa kimya na ufanye kazi."

Nilijifanya jasiri, lakini usiku ule sikulala, na nasema wazi kwamba nilimwonea wivu. Nilimsaidia, nikamchukia kidogo kwa sababu nimemsaidia. Asiyewahi kuhisi hivyo na anihukumu.

Sasa tazama lililotokea. Palikuwa na oda ya mashati elfu mbili, shule zinafunguliwa baada ya wiki tatu. Tulipokuwa kumi na wawili karakana ilitoa mashati mia na ishirini kwa siku. Bwana Futi alitoa watu watatu akadhani atapungukiwa kidogo, na kidogo hicho atakifidia kwa kupiga kelele. Alichokitoa ni watu watatu waliokuwa wanashona kazi ya watu sita. Kola zikawa arobaini kwa siku, basi. Na shati lisilo na kola huliuzi, labda umuuzie asiye na shingo.

Kila jioni wifi aliniletea habari. Siku ya kwanza Bwana Futi alifoka. Siku ya pili alisema watu wamerogwa na redio. Siku ya tatu alileta vibarua wawili kwenye kola, na kola zao zikasimama kama masikio ya punda, zikafumuliwa zote. Siku ya nne vipande vilivyokatwa vilirundikana mezani kwa Mkasi hadi akawa anazungumza na watu bila kuonekana. Naye Mkasi alikuwa na lake la kumuuma, kwa sababu mwezi ule wa mwisho wa mtindo wa zamani alilipwa kwa mashati yaliyokamilika.

Ya siku ya sita sikuyaona, lakini nimesimuliwa na watu watatu na wote wakakubaliana, jambo ambalo halijawahi kutokea karakanani pale. Bwana Futi alisimama mbele ya cherehani cha wifi akamuuliza, "Mama, wewe ni mtu wa sabini. Kulikoni siku hizi arobaini?"

Wifi yangu, ambaye nilidhani hawezi kumfukuza hata kuku jikoni, alizima cherehani na kusimama.

"Sijawahi kushona sabini," alisema. "Ni arobaini tangu nizae. Thelathini zilikuwa za wifi. Alikuwa ananisukumia. Mtu wa themanini ndiye uliyemfukuza."

Hapo yule mwenzake Mkono, aliyepasuliwa jicho, akasimama. "Mimi nusu ni za Mkono," alisema. Kisha wawili wa Mama Mfuko wakasimama pamoja. Kila mmoja alitaja namba yake ya kweli, mbele ya watu, akijua kwamba kila namba iko chini ya mstari. Bwana Futi alirudi nyuma hadi akakaa juu ya robota la kitambaa, mkono kwenye futi, kama mtu anayejipima shingo.

Kesho yake asubuhi, kabla ya saa za kazi, alikuja nyumbani kwetu. Nilikuwa uani naanika nguo. Alikuja na Mkasi, nadhani kama ngao, na majirani wote wakakumbuka ghafla kwamba na wao wana nguo za kuanika.

"Kola Mkubwa," alisema, "nimekosea. Rudi kazini. Mshahara wa sheria, na juu yake nitakuongezea robo. Mkono na Mama Mfuko pia."

"Na wifi yangu?"

Alitazama chini. "Wewe unaijua hesabu. Arobaini."

Robo juu ya mshahara. Sijawahi kuwa tajiri, lakini nilijua pale pale robo ile ingefanya nini: paa la jikoni, miwani ya mama, ada ya mafunzo ya udereva aliyoyasema kaka yangu kila mwaka. Mama yangu alikuwa mlangoni. Wifi alikuwa nyuma yake, amembeba mtoto. Ningependa kusema kwamba nilijibu mara moja. Nilianika shati moja zima kwanza, taratibu, nikalibana pande zote mbili.

Ndipo hasira yangu ikapata mlango.

"Bwana Futi, miaka saba umekaa na watu kumi na wawili. Umeshawahi kuona hata mmoja ameshindwa kuja kwa njaa? Ulidhani ni kwa nini? Kwa vile vipande vyako? Kima cha chini kilikuwepo karakanani kabla serikali haijakitangaza! Kilikuwa kinapita chini ya meza, na tulikuwa tunakilipa sisi. Mimi nilikuwa namlipa huyu. Mkono alikuwa anamlipa yule. Maskini anamlipa maskini, tajiri anapokea mashati. Serikali haikuleta kitu kipya. Imesema tu sasa ulipe wewe."

Jirani mmoja alisema "Eeh!" kwa sauti, kisha akajifanya anakohoa.

"Maneno matamu," alisema Mkasi. "Lakini mshahara haulipwi kwa maneno. Kola ni zile zile mia na ishirini. Hela za nyongeza zinatoka wapi?"

Nitamshukuru Mkasi kwa swali lile hadi naingia kaburini, maana ndilo lililonifungua macho.

"Nani amekwambia ni zile zile?" nilisema. "Mimi nashona kola nzima peke yangu. Naunga vipande, napunguza pembe, nageuza, nachokoa ncha, napiga pasi, napiga mstari wa juu. Kushona kwenyewe ni dakika chache. Muda unaliwa na kugeuza na kuchokoa. Na wifi yangu kwa kushona ni mzito, ndiyo, lakini kwa kugeuza? Ana vidole vyembamba kama vya mtoto. Ncha anazozitoa yeye mimi sizipati hata niote. Sasa kwa nini hatukuwahi kugawana? Kwa sababu kola nusu haikuwa na rangi ya mtu! Nani angekubali kugeuza kutwa nzima wakati daftari lako halijui kugeuza? Na nani angejifunza kazi mpya, wakati siku za kujifunza hazilipwi? Ulitulipa kwa kipande, tukawa vipande. Tulipe kama watu, utaona."

Bwana Futi aliitoa futi shingoni, akaikunja, akaikunjua.

"Yamebaki mashati elfu moja mia saba na sitini," alisema, "na siku kumi na mbili. Ni karibu mia na hamsini kwa siku. Hamjawahi kufika huko."

"Hatujawahi kulipwa kufika huko."

"Sawa. Wote kumi na wawili warudi. Mkimaliza, watu kumi na wawili, mshahara wa sheria, na hakuna mstari tena. Mkishindwa, oda imekufa, na mimi nafunga. Sitachagua mtu. Nafunga wote."

Hapo majirani hawakukohoa. Nilimtazama wifi. Alikuwa ameshamkabidhi mama mtoto na anafunga kitambaa kichwani.

Siku ya kwanza tulitoa mia na kumi, na tuligombana kuanzia asubuhi hadi jioni. Mimi nilishona haraka mno, wifi akazama kwenye kola kama mtu aliyeangukiwa na kabati. Nilimfokea, akalia, nikajuta, nikamfokea tena kwa kunifanya nijute. Siku ya pili tulihamisha meza. Tulizikutanisha ubavu kwa ubavu ili kola itoke mkononi mwangu iingie mkononi mwake bila mtu kunyanyuka. Mkono na mwenzake wakaiga. Mama Mfuko aliwaweka wawili wake mmoja kulia wa kukunja na mmoja kushoto wa kupiga pasi, akakaa katikati kama malkia, na mdomo wake haukupumzika hata dakika moja. Mia na thelathini na tano. Siku ya tatu, mia na arobaini na nane. Siku ya tano umeme ulikatika saa mbili nzima, na badala ya kutazama dari sote tulihamia kwenye meza ya Mkasi tukamsaidia kupanga na kuhesabu vipande. Katika mtindo wa zamani mtu asingenyanyua hata kidole, maana kupanga hakukuwa na rangi. Umeme uliporudi tulikuta kila kitu kimepangwa, tukatoa mia na hamsini na mbili siku ile ile ya kukatika umeme.

Mkasi mwenyewe niliona akikata haraka kuliko nilivyowahi kumwona.

Siku ya kumi na mbili ilifika tukiwa tumebakiwa na mia na sitini na moja. Saa sita mchana sindano yangu ilivunjika, ya pili ikavunjika, nikaanza kuitafuta ya tatu kwa pupa. Wifi alinishika kifundo cha mkono. "Pumua," aliniambia. "Mimi nina kumi na tano hapa za kugeuza. Hunichelewishi." Nilipumua. Saa tisa na nusu shati la mwisho lilitoka chini ya pasi, bado lina joto, na Bwana Futi akaanza kuhesabu mwenyewe, kwa sauti, akitenga hamsini hamsini sakafuni. Hakuna aliyekaa. Mwenye duka la misumari alipanda ngazi akasimama mlangoni na wateja wake wawili. Bwana Futi alipofika elfu moja mia tisa na hamsini alipiga magoti, akaanza kuhesabu moja moja.

"Elfu mbili," alisema. Akatazama kilichobaki mezani. "Na nne."

Sijui nani alianza. Nakumbuka Mama Mfuko anapiga vigelegele, na safari hii mwenye duka hakuuliza, aliitikia. Mkono alimnyanyua mwenzake juu juu. Nililia, tena kwa sauti, mimi niliyeambiwa moto wa kuotea mbali. Nililia kwa sababu tulikuwa tumeshinda na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameachwa nje ya mlango. Nimeona watu wengi wakishinda maishani, lakini mara nyingi kuna mtu wa pembeni anayewatazama. Siku ile pembeni hapakuwa na mtu.

Bwana Futi aliheshimu neno lake. Aliongeza kidogo bei ya mashati, shule zikanung'unika siku mbili, zikalipa. Mkasi bado anasema sheria ile ni mbaya na sisi tumebahatika tu. Karakana ya mtaa wa pili imefungwa mwaka huu, na Mkasi anasema ni mishahara ndiyo iliyoimaliza, mimi nasema mwenye karakana ile alikuwa halipi hata kodi ya chumba. Pengine kila mmoja wetu ana robo ya ukweli. Ila Mkasi anaupokea mshahara wa sheria kila mwezi kwa mikono miwili, na sijamsikia akiurudisha.

Mwezi ulipoisha tulipanga mstari tukalipwa, kila mtu wake mzima. Tulishuka ngazi mimi na wifi, bahasha mikononi, na hatukuwa tumefika hata kona akaniambia, "Wifi, kuna jambo. Zile kola za saizi ndogo, unapofika pembeni unaharakisha. Mshono unapinda. Ndiyo maana ncha zinanisumbua kuzigeuza."

Nilisimama katikati ya njia. "Mimi? Napinda?"

"Wewe. Tena kila siku. Uangalie."

"Nimeshona kola miaka saba, mtoto we, wewe hata—"

"Na miaka saba unapinda," alisema, na hakuinamisha kichwa.

Kwa miezi kumi na moja niliyokuwa nikimsukumia, mwanamke huyu hakuwahi kunipinga neno. Chakula nikikitia chumvi mno, kitamu. Nikimfokea, samahani wifi. Nilidhani ni tabia yake. Kumbe lilikuwa deni. Sasa alikuwa amesimama mbele yangu na mshahara wake mwenyewe mkononi, ameshika kiuno, ananiambia nimekosea kazi.

Tuligombana njia nzima hadi nyumbani, kwa sauti, watu wakigeuka kututazama, na sijawahi kufurahi vile tangu nizaliwe.